Matairi Manne ya Kwenda Kasungami

Niliondoka Kolwezi kwa sababu baba yangu aliniita. Ujumbe uliletwa na dereva wa lori aliyetoka Lubumbashi, jioni moja ya msimu wa mvua, naye aliutoa akiwa bado ameshika mlango wa lori lake. "Muzee iko mugonjwa," alisema. "Anasema ukuje." Sikumwuliza zaidi. Miaka miwili nilikuwa sijakanyaga uwanja wa baba, na ninyi mnaonifahamu pale kituoni, mnaopanda gari langu kwenda Likasi, mnajua kwamba tulikosana. Msichojua ni kwamba tulikosana kwa ajili ya matairi.

Baba alifanya kazi ya matairi mgodini maisha yake yote, yale makubwa ya malori ya kubeba mawe, yanayomzidi mtu kimo. Alipostaafu alihamia Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, akalima mahindi na mihogo, lakini kazi haikumtoka mikononi. Ukifika kwake na gari, alilisalimia gari kwanza. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya kila tairi, ndipo akakupa mkono. Mara ya mwisho nilifika na matairi yaliyolika hadi kuwa laini kama paja la mtoto. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likateleza langoni na kubomoa jiko la mama, dakika chache baada ya yeye kutoka humo. Baba aliyaonyesha matairi kwa kidole, akaniambia mbele ya wajomba zangu wote: "Usirudie tena hapa na mapneu ya namna hii."

Nililishika neno hilo kama amri ya serikali. Mwanzoni nilikuwa na hasira, na hasira ilipoisha nikabaki na aibu. Kila nilipokaribia kununua matairi mapya, injini iliharibika au mtoto aliugua, nami nikasema mwezi ujao. Ndivyo miaka miwili ilivyokwisha.

Saa kumi na mbili asubuhi niliwasha Peugeot yangu, ile ndefu kwa nyuma mnayoipenda kwa sababu inawahi. Sikubeba abiria. Matairi yalikuwa yamelika tena, na nilikuwa nimejiapia kwamba sitafika mbele ya baba nikiwa nayo. Nitanunua Lubumbashi, nilijiambia, nitayafunga hapo hapo, kisha nitakwenda Kasungami kama mtu mwenye akili zake.

Fungurume nilipita ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Nilikwenda polepole, mikono miwili kwenye usukani, na malori yakanipita yakinipigia honi. Likasi nilifika saa tatu kasoro, nikanywa chai nikiwa nimesimama. Mwanamke aliyeniuzia alitazama magurudumu yangu akasema, "Papa, na hii unaenda mbali?" Nikamjibu kwamba naenda kwa baba yangu. "Basi atakulaumu," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Lubumbashi niliingia saa tano. Nilianza na duka moja katikati ya mji, lililokuwa la Mgiriki kabla maduka ya wageni hayajagawiwa kwa wananchi. Mwenyewe wa sasa, bwana mmoja wa abakosti safi, ile suti isiyovaliwa na tai, aliuza matairi pamoja na vitenge na makopo ya dagaa, na matairi yenyewe yalikuwa matatu, kila moja la saizi yake. Alitaka kuniuzia yote matatu. Akanitajia pia ghala moja mtaa wa pili, lakini mlango wake ulikuwa umekwisha fungwa kwa mapumziko ya mchana.

Mtaa wa Bel-Air, kwa mzee Kalala, ndiko nilikopata nilichotafuta. Kalala ni mtu wa Kasai, ameuza matairi tangu nikiwa mdogo, na dukani kwake kulikuwa na aina mbili za kulingana na gari langu. Aina ya kwanza ilikuwa ya mwendo wa kasi. Matairi mapana, ya kimo kifupi, mifereji yake myembamba, na ubavuni yaliandikwa herufi ya kuonyesha kwamba yanavumilia mbio bila kupata moto. Aina ya pili ilikuwa myembamba, yenye meno marefu, na kwenye lami inanguruma njia nzima.

"Unaenda nayo wapi?" Kalala aliniuliza.

"Kasungami kwa baba. Kisha narudi Kolwezi."

"Kasungami saa hii kuko matope tupu. Kamata hii ya meno. Ile ingine iko muzuri, lakini iko ya lami."

Nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona kiganja cha baba kikipita juu ya yale mapana, nikaona akisoma ile herufi na kukosa la kusema. Nilitaka akose la kusema. Nikayapindua moja moja, nikaminya mpira kwa ukucha, nikatafuta nyufa ubavuni. Matatu yalikuwa mazima. La nne lilikuwa na ufa wa kukaa muda mrefu dukani. Kalala alisema la kufanana nalo lingepatikana katika ghala lile lile la mjini, na ghala lingefunguliwa saa nane.

"Uko na haraka?" aliuliza.

Nikamweleza habari za ujumbe.

"Kama muzee anakuita, uende kwanza. Mapneu itakungoja, haina miguu."

"Siwezi kufika na haya," nilimwambia, nikamwonyesha matairi yangu.

Kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane nilikaa kwenye ngazi za ghala, nikila karanga. Nawaambieni jambo hili kwa sababu nimelikumbuka kila siku tangu hapo. Jua lilikuwa linawaka, sikuwa na shida yoyote, na moyoni nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu kizuri. Saa nane mlango ulifunguliwa, nikapata tairi langu la nne, nikarudi Bel-Air, Kalala akayafunga yote, na saa tisa na robo nikaondoka. Gari lilishika lami kama halijawahi kushika. Mvua ilipoanza niliona raha tu.

Kasungami, karibu saa kumi, lami iliniishia. Nilikwenda mita mia mbili ndani ya udongo mwekundu, kisha mifereji ile myembamba ikajaa tope na matairi yakawa laini kuliko yale niliyoyatupa. Gari liligeuka upande likazama. Nilikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka mahali pamoja. Nikaliacha hapo, nikakunja suruali, nikatembea.

Sauti za akina mama nilizisikia kabla sijaona paa la nyumba. Mtu hujiambia kwamba ni kwa jirani. Nilijiambia hivyo mpaka langoni.

Mama alikuwa amekaa chini kati ya wanawake wenzake. Alinyanyua uso, akaniona na tope langu hadi magotini.

"Umefika," alisema. "Alikufa saa saba, mwanangu. Kila gari ilipopita alikuwa anauliza: njo yeye amefika?"

Nilikaa chini pale pale. Nikamwambia mama ukweli wote, kwamba tangu saa tano nilikuwa mjini nachagua matairi, kwa sababu ya neno lile la baba. Mama alinisikiliza bila kulia. Machozi yalikuwa yamemwishia.

"Ile alisemaka kwa woga," alisema. "Aliogopa utakufa mu barabara. Njo maana alikuita. Kuja."

Alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba cha kuwekea mahindi. Nyuma ya magunia, juu ya mbao ili yasiguse udongo, kulikuwa na matairi manne yaliyofunikwa kwa turubai na kupakwa poda nyeupe, kama baba alivyopaka kila kitu cha mpira. Yalikuwa membamba, ya meno marefu. Kwenye kila moja aliandika kwa chaki jina langu, Ilunga, kwa zile herufi zake kubwa za mgodini.

"Aliinunua moja moja," mama alisema. "Mwaka muzima. Kila mwezi alikuwa anaigeuza juu isiharibike upande moja. Alisema, akikuja nitamufungia miye mwenyewe."

Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanne. Nililia nikiwa nimekumbatia tairi, na mama akaniacha nilie.

Asubuhi ya mazishi wajomba zangu walinisaidia kuyabeba hadi gari lilipozama. Nilifungua matairi ya kasi, nikafunga ya baba. Nilipowasha injini wanaume walijipanga nyuma ili wasukume, lakini haikuhitajika. Gari lilijitoa lenyewe, taratibu, likapanda hadi langoni. Tuliweka jeneza nyuma, nikaendesha mwendo wa miguu ya watu, wao wakiimba pande zote mbili, na njia nzima ya makaburini halikuteleza hata mara moja.

Siku tano baada ya kilio nilianza safari ya kurudi. Nilipitia Bel-Air kumrudishia Kalala matairi ya kasi, niliyokuwa nimeyaosha. Nilimweleza yaliyotokea. Mzee yule alitoka nje, akainama kando ya gari langu, na kabla sijajua anafanya nini alikuwa amepitisha kiganja juu ya tairi la mbele. Ilinibidi nitazame pembeni.

"Muzee wako alijua kazi," alisema. "Lakini hii hakukuchagulia ya Kolwezi. Yote ni lami kule. Mwenye kuchagua hii alikuwa anataka ufike kwake."

Kutoka hapo hadi Likasi, na kutoka Likasi hadi nyumbani, matairi ya baba yalinguruma juu ya lami, nayo yananguruma hadi leo. Ninyi abiria wangu mnalalamika kwamba gari limekuwa na kelele na haliwahi tena, na wengine mmekwisha kunihama. Sina cha kuwajibu, ila habari hii.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilikilipia kupita kiasi. Nilidhani baba ameniita anikague. Siku hizi mtu wangu akiniita ninakwenda na gari lilivyo, au bila gari, na nikifika sisimami uwanjani. Naingia ndani kwanza.