Mchochea Boila Aliyeiambia Kompyuta Ukweli

Saa mbili asubuhi, na mgongo wake umeshalowa chapachapa. Anavuta mlango wa boila kwa kulabu, anageuza uso pembeni, anatupia gogo, anakohoa, anatupia jingine. Nyuma ya ukuta mashine za dobi zinanguruma na mashuka ya hospitali.

"Karibu jehanamu ndogo," anamwambia mwandishi, anacheka mpaka kikohozi kinamkatiza.

Wenzake humwita Babu Moshi, ingawa ana miaka hamsini na mmoja tu. Kumi na tisa ameimalizia hapa, zamu ya asubuhi. Zamu ya jioni ni ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi. Nusu ya mshahara wa Babu Moshi inaishia kwenye kodi ya vyumba viwili na dawa za kifua.

Mwaka huu alikuja dada mmoja mtafiti na kompyuta yake. Alitaka kukadiria jambo moja: wenye dobi wakifunga mitambo ya kuchemsha maji kwa jua, watafaidika au watakula hasara? Akaingiza bei ya mitambo, mishahara, na kuni kilo mia nne kwa siku. Kompyuta ikajibu kwamba hailipi.

Yaani kazi ya Babu Moshi ilikuwa imepona. Angenyamaza tu, mambo yangeisha hapo.

"Nikamuuliza, dada yangu, hizo kilo mia nne umezitoa wapi?" Kumbe alizitoa kwenye karatasi za muuza kuni, zinazohesabu kuni kavu. "Miezi minne ya mvua tunaletewa mbichi, zinatoa machozi, moto hakuna. Hapo nachoma karibu mara mbili. Nikamwambia. Mdomo huu, jamani!"

Mtafiti akaleta mzani, wakapima pamoja wiki tatu. Hesabu ikageuka: mitambo ingerudisha gharama yake ndani ya miaka mitano. Wenye dobi wakakubali. Ila chini ya jibu la kompyuta kulikuwa na mstari mwingine: wachocheaji ni wawili, abaki mmoja, afundishwe kuitunza mitambo.

Nyumbani hakukaliki. "Mke wangu ananiambia nimemfukuzisha kazi mdogo wake kwa kiherehere changu. Shemeji mwenyewe ananisalimia, basi."

Meneja amewaachia wenyewe wakubaliane, wampelekee jina mwisho wa mwezi.

Anakaa juu ya gogo, anafuta jasho kwa kofia. "Nimechoka, ndugu mwandishi. Kila mtu anajua nitamwachia shemeji. Mimi ndiye mkubwa, yeye ana watoto wadogo." Anaivaa kofia tena. "Lakini nataka niwe mimi. Hata mwaka mmoja tu, nifanye kazi bila moshi, nijue inakuwaje."

Mwandishi anamuuliza kama angependa maneno hayo yaondolewe gazetini.

"Yaache hivyo hivyo," anasema. "Mke wangu atayasoma humo. Kumwambia uso kwa uso nimeshindwa."