Kelele za Upande wa Kulia

Gari langu limeanza kugonga nyuma. Linagonga mji mzima, tangu Kavimvira hadi Rugenge, ko-ko-ko, kama mtu aliyefungiwa ndani, ambaye amekata tamaa ya kufunguliwa lakini bado anabisha. Juzi fundi aliniuliza jambo moja tu: "Iko upande gani?" Na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto, nikachukua ufunguo wangu nikaondoka. Acha nikueleze kwa nini, rafiki yangu, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Baba yangu alikuwa na teksi ya buluu, kuukuu tangu siku aliyoinunua. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga mihogo, akirudi nyumbani mweupe wa unga hadi kope. Alipopata gari alibeba wachuuzi wa mpakani, wanawake wenye mafungu ya vitenge, madebe ya mawese na magunia ya ndagala, vile visamaki vya ziwani. Kila Jumamosi mimi ndiye niliyeliosha. Nilisugua kofre, buti la nyuma, kwa sabuni na majani ya mlimau, lakini harufu ya ndagala haikutoka, na shuleni wenzangu walinijua kwa pua.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja, gari likaanza kugonga nyuma. Lilipita salama kwenye mashimo makubwa, lakini kwenye vijishimo vidogo liligonga mfululizo. Abiria wakalalamika. Baba aliwatazama kwenye kioo, akajibu, "Ndiyo, hata miye naisikia. Nitaitengeneza." Siku zikapita.

Kisha alasiri moja lori lililojaa mbao likampigia honi kutoka nyuma, likapiga tena na tena, na baba hakusogea. Lilipolazimisha kupita likang'oa kioo cha pembeni na kukwangua mlango wote. Alipofika nyumbani mama alisimama uani, mikono ikiwa ya kijani kwa majani ya sombe aliyokuwa akitwanga.

"Hukusikia honi?"

"Na kelele hii ya nyuma," baba akasema, "nitasikia honi namna gani?"

Tangu siku hiyo kelele ile ikawa adui wa nyumba yetu. Mama aliiombea kanisani pamoja na wagonjwa.

Fundi alikuwa jirani yetu, mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe iliyopata madoa ya mafuta. Ua wake uligusana na ziwa, na mawimbi yalifika karibu na magurudumu aliyoyapanga kama viti. Alimuuliza baba upande, baba akasema kushoto, bila kufikiri. Mzee akaingia chini ya gari, akabadilisha amotisere ya kushoto, kile chuma kinachozuia gari lisirukeruke. Kelele haikuisha. Baba akarudi, akasema tena kushoto. Mzee akabadilisha springi ya kushoto. Kelele ikaendelea kutucheka barabara nzima. Mama akaanza kusema fundi amezeeka, na maneno hayo, kama unavyojua mitaa yetu, yalimfikia mwenyewe kabla ya jua kutua.

Mara ya tatu nilikuwa likizoni, nikafuatana na baba. Nilikaa kiti cha nyuma nikitafuna karanga. Mzee alikuja dirishani amekunja uso.

"Leo uniambie vizuri. Iko fasi gani?"

"Kushoto, Mzee."

"Hapana, Papa," nikasema kutoka nyuma. "Iko kuume. Tangu mwanzo iko kuume."

Baba hakugeuka. Mzee alinitazama, kisha akamtazama baba kwa muda mrefu. Alichukua kitambaa kana kwamba anajifuta midomo, akaacha kimemfunika mdomo wote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nyumba yako inaungua moto."

Baba akatabasamu. "Ndiyo, Mzee. Kushoto."

Karanga zikanigeukia mchanga mdomoni.

Mzee hakumwaibisha. Alifungua kofre, akaniambia nilale humo kifudifudi, kichwa mbele, akafunga mfuniko kwa kamba ukabaki wazi kidogo. Akanionyesha mahali ambapo vichwa vya amotisere vimefungwa, kimoja kila upande, niweke viganja hapo. Kisha akakaa karibu na baba, wakaendesha polepole kwenye njia ya kokoto. Nililala gizani na harufu ya ndagala. Kiganja cha kushoto kilitulia. Cha kulia kilipigwa, ko-ko-ko, mpaka kiwiko kikauma.

Niliposhuka nikainua mkono wa kulia tu. Mzee akapiga kriki, gari likainuka, akafungua amotisere ya kulia. Kumbe mpira wake wa chini ulikuwa umelika wote, na bulonji, skrubu kubwa inayoushika, imekonda katikati, chuma kikigonga chuma. Mpira mpya haukupatikana mjini. Akakata kipande cha tairi ya lori kwa kisu alichokilowesha majini, akakichonga duara, akakitoboa kwa chuma cha moto. Moshi wake ulitutoa machozi wote watatu, na baba aliendelea kujifuta hata moshi ulipokwisha. Mzee akatia bulonji nyingine, nzima, akakaza.

Tulirudi kwenye kokoto. Kimya. Nilisikia hata mchanga ukikwaruza chini ya magurudumu.

Mzee akamshika baba bega, akamgeuza wakatazamana.

"Imenyamaza," akasema polepole. "Unasikia?"

Baba alitazama ziwa kwanza.

"Kwangu iko imenyamaza tangu zamani, Mzee. Ni mashine ya mihogo ilinimaliza masikio. Midomo ya watu ndiyo naangaliaga."

"Mama ya mutoto anajua?"

"Hapana." Kisha akanigeukia. "Na weye usimwambie. Gari hii ndiyo inawasomesha, weye na wadogo zako."

Likizo yote iliyobaki nikakaa kiti cha mbele. Honi ikilia nyuma, nilimgusa goti. Pikipiki ikija pembeni, nilimvuta shati. Abiria akitaka kushuka, nilinyoosha kidole. Wenzangu walikuwa ziwani wakiogelea, nami niliwaona wakipita dirishani, vichwa vyeusi majini. Jioni nilikula bila kujua ninakula nini, kichwa kimejaa honi. Mama aliniuliza kama nina malaria. Ni uchovu mbaya, ule wa mtoto anayeogopa kwamba akipiga mwayo, watu watakufa.

Asubuhi ya kwanza ya shule nilivaa sare nikashindwa kutoka mlangoni. Nani angemgusa goti? Mama alikuwa akikoroga uji. Nikamwambia yote kwa mkupuo, nikilia.

Hakuacha kukoroga. "Najua," akasema. "Muda mrefu namsemeshaga akinipa mgongo, hajibu. Nilikuwa nangojea aniambie yeye mwenyewe."

Sikuwepo walipozungumza. Niliporudi kutoka shuleni ufunguo wa gari ulikuwa mezani, na kabla ya mwezi kwisha gari lilienda na mtu wa Kavimvira aliyelinunua, likipita vijishimo vyote bila sauti. Baba hakunisemesha siku nyingi. Nilizihesabu, kisha nikaacha. Alirudi kwenye mashine ya mihogo, mahali ambapo hakuna anayemsikia mwenzake na wote wanasemezana kwa mikono. Shule tulimaliza, kwa shida, kwa mama kuuza mawese barabarani.

Mzee amekwisha kufa. Ua wake ziwa limeumeza lilipopanda. Yanaonekana matawi ya mti mmoja mkavu tu, na ndege juu yake. Baba naye tumemzika, na hatukuwahi kulisema lile jambo la mimi kumwambia mama, wala yeye kunisamehe kwa mdomo, wala mimi kumwomba.

Ila kuna hili. Miaka ile nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana mashineni, bugali na ndagala kwenye sahani iliyofunikwa. Kelele ilikuwa nyingi, kumwita kusingefaa kitu. Lakini kila nilipofika alikuwa amekwisha kugeuka, mweupe wa unga, macho yake yakiwa mlangoni. Baada ya miezi kadhaa mwenzake mmoja ndiye aliyenieleza kwa ishara kwamba saa ile ikikaribia, baba huacha gunia, akasimama tu, akautazama mlango.