Mlio Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Kuna aibu unazisimulia watu wakacheka, nawe ukacheka nao. Hii yangu sijaiweza. Ilinipata Gonja, kwa wazazi wa mke wangu, siku ya kuposa, mama yake akiwa bado hajanikubali.

Wazee wangu walikuwa waje baadaye na gari. Mimi nikatangulia kupanda kutoka Same, kwa kiherehere changu tu. Nilipania kumfurahisha yule mama. Nikamkuta ana spika ndogo ya kuchaji, inakaa sakafuni chini ya kiti chake. Nikaiunganisha na simu yangu kwa bluetooth, nikampigia nyimbo za kwaya. Akawa anaimba taratibu. Nikajiona mjanja kweli!

Chakula kikaja, muziki ukazimwa. Shemeji akapita na jagi na beseni kutunawisha. Nilipoinama, simu ikachomoka kwenye mfuko wa shati, chubwi! ndani ya maji ya sabuni. Nikaiopoa, nikaifuta. Ilikuwa inawaka, ila nikawaza, wazee wakipotea njia wakanipigia, nitawasikiaje na spika imejaa maji?

Nikaomba ruhusa, nikatoka hadi nyuma ya migomba. Nilijua kuna mlio mtandaoni, unaupiga kwa sauti ya juu, mtetemo wake unayasukuma maji yatoke kwenye vitundu vya spika. Nikaufungua. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Nikaurudia toka mwanzo, huku naitukana ile simu.

Ndipo nikausikia, kupitia dirisha la sebuleni. Brrruuuu! Mzito, mrefu, unakatika, unaanza tena. Simu ilikuwa bado imeungana na spika ya mama. Babu wa mke wangu alikuwa katikati ya sala ya chakula, akanyamaza. Kisha watoto wakaangua kicheko.

Jamani, huyo ni mkwe! Mtu ambaye hata kupiga chafya mbele yake unaona haya, nimemvunjia heshima namna ile, chini ya kiti chake mwenyewe, mbele ya ukoo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilifikiria kushuka mlima kwa miguu nirudi Same, kweli nilifikiria.

Nikaingia. Watu wazima wote walikuwa wanaangalia wali. Mama ameinamisha kichwa, kanga ameivuta mpaka mdomoni.

"Samahani mama," nikasema, "ule mlio ni wa simu yangu."

"Mlio gani?" akauliza shangazi wa mke wangu, na alikuwa anajua fika.

"Ule... uliotokea."

"Sasa sisi tutajuaje kama humsitiri mkweo? Hebu upige tena tusikie."

Nikasema siwezi. Mama mwenyewe akainuka, akaenda kusimama katikati ya sebule, akakunja mikono.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Kiti kitupu kikanguruma vilevile, na mama mkwe anawatazama mmoja mmoja mpaka mlio ulipokwisha.

"Mmesikia? Na mimi mmeniona niko wapi?"

"Tumekuona," wakajibu kwa pamoja. Babu akaanza sala upya.

Wazee wangu walifika kwa kuulizia njia. Mazungumzo yakaenda vizuri, hadi mama alipoulizwa kama ana neno juu ya kijana. Akaitengeneza kwanza kanga yake. Nikajua nimejiharibia mwenyewe, kwa mikono yangu.

"Kijana sina tatizo naye," akasema. "Simu yake ndiyo haina adabu."

Wakacheka wote, hata wazee wangu wasiojua lolote. Mimi nilikuwa nakodolea macho vidole vyangu vya miguu.

Tumeoana, tuna watoto wawili. Simu ilipona. Lakini mama hajakikalia tena kile kiti. Kila tukipanda Gonja ananipokea vizuri, anachukua mizigo, anauliza habari za Same. Halafu ananionyesha kwa mkono.

"Karibu mkwe wangu. Kaa pale."

Nami nakaa.