Seva Iliyovalishwa Maua

Vijana wakinijia kuniuliza wasome nini ili wajue mambo ya mitandao ya kompyuta na utunzaji wa seva, hunikuta nimejaa majibu. Nawatajia vitabu, nawatajia kozi, nawaelekeza pa kujaribia mikono bila kuua mashine ya mtu. Kisha nawasimulia aibu yangu ya Manzese, maana hiyo hawataikuta kwenye kitabu chochote, na mie sipendi kuaibika bure.

Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea ukingoni. Kila mwenye biashara alitaka kompyuta, ajue asijue ya nini. Nilikuwa mpiga chapa kwenye duka la jumla la vipuri vya magari, Manzese, barabarani kabisa. Bosi wangu, mzee wa bara, mpole lakini harudii neno, alinunua kompyuta tano akataka zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Akauliza nani ataweza kuzisimamia. Mie na kiherehere changu, mkono juu! Akanipa miezi mitatu. Nikiweza, kazi ni yangu. Nikishindwa, narudi kwenye taipureta na yeye anamleta mtaalamu wa mjini.

Nilikuwa sijui kitu, jamani. Walimu wangu walikuwa watatu. Wa kwanza kitabu nilichonunua kwa wauza vitabu wanaopanga chini barabarani, kinene, jalada limeng'oka, Kiingereza chake kigumu mpaka kichwa kinauma. Nilikisoma na kamusi pembeni, na neno nililolishika kuliko yote ni kwamba seva, ile kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine, haizimwi. Wa pili darasa la jioni kule Kinondoni, tukivua viatu mlangoni, watu sita kompyuta moja, na mwalimu hana wimbo mwingine: adui wa kompyuta ni vumbi. Wa tatu ni kile kitufe cha msaada. Unakibonyeza, kinakujibu swali ambalo hukuuliza. Mpaka leo kina tabia hiyohiyo.

Lakini nilihangaika, nikavuta waya, na siku moja kompyuta zikaonana. Wallahi niliruka! Seva tuliiweka chumba cha nyuma, na vumbi la barabarani likawa linaifuata humohumo. Nikaenda kumlalamikia mama yangu nyumbani, Temeke.

Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata chupa ya chai ina chake. Mama alikaa wiki nzima akidarizi. Akatoa kitu kizito, kina bitana ndani, kina maua mekundu, kimepimwa na kushonwa kiifunike seva mwili mzima.

"Mwanangu, usinitie aibu," akasema. "Kitu cha ofisi nzima hakikai uchi."

Bosi alipokiona alitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Basi ikawa kila jioni naivalisha seva, nazima feni, nafunga dirisha, naenda zangu kupanda gari. Seva yenyewe siizimi. Si kitabu kilikataza?

Asubuhi ya kwanza tu nikaikuta imekufa. Najua wewe msomaji umeshaelewa, unacheka. Cheka tu. Mie sikuelewa kwa wiki tatu.

Kila asubuhi ilikuwa hivyohivyo. Mama wa usafi alikuwa anafika wa kwanza, anaivua kitambaa, anakikung'uta, anakikunja vizuri, anafungua dirisha. Mie nikitoka Temeke na magari mawili, nafika seva imeshapoa, iko kimya kama haijawahi kuwaka. Nikiiwasha inawaka, mchana kutwa haina neno. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha vile vizibo vya mwisho wa waya. Nikaulaumu umeme, nikamlaumu panya. Kitabu nilikimaliza chote, nikaanza upya. Wauzaji wakaanza kuniita daktari wa maiti. Nilikasirika! Miezi yangu mitatu ilikuwa inaisha, na Ijumaa moja bosi akaniambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba Jumatatu mtaalamu anakuja.

Jumamosi nikawahi kuliko mama wa usafi. Nikaingia chumba cha nyuma, nikaivua seva kitambaa kwa mikono yangu. Loo! Joto lililonipiga usoni lilikuwa la jiko la mkaa. Nikabaki nimesimama na maua ya mama kifuani, najisikia mjinga kuliko wajinga wote wa Dar es Salaam.

Jioni ile sikuivalisha. Feni nikaiacha inazunguka. Jumatatu nikaikuta hai, inanguruma kwa raha zake.

Mtaalamu akaja na mkoba na tai. Akaikagua, akakuta haina ugonjwa. Akaniuliza mbele ya bosi, "Ilikuwa na nini?"

Maneno makubwa nilikuwa nayo, kitabu kizima. Ningeyatoa pale, nani angenibishia? Lakini bosi alikuwa ananitazama, na mie kumdanganya mzee yule usoni sikuweza.

"Kitambaa," nikasema. "Nilikuwa naifunika ikiwa inawaka. Inakosa pumzi."

"Kwa hiyo wiki zote tatu," bosi akasema, "ni wewe."

"Ni mie, mzee."

Nikasubiri kufukuzwa. Nilitamani nianze kulia mapema nimalize. Lakini mtaalamu alikuwa amekunja uso, anamtazama bosi, ananitazama mie. Akaomba simu. Akapiga kwa mteja wake mmoja wa Kinondoni.

"Shikamoo mama. Ile kompyuta yenu inayozimika... ndiyo, ile niliyoibadilisha vifaa. Usiku mnaifunika?" Akasikiliza. "Na nini?" Akasikiliza tena, akatugeuzia mgongo. Sauti ikawa ndogo. "Kina maua?"

Bosi alicheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi akachukua karatasi, akaandika namba ya simu ya ofisi, akamkabidhi mtaalamu.

"Ukikwama tena," akamwambia, "mpigie huyu binti."

Nikaingia chumba cha nyuma nikafunga mlango, nikalia kwa furaha na kwa aibu, vyote kwa pamoja.