Nusu Kidonge cha Nyakato

Mwanangu Zuhura, kaa kwanza. Barua yako ya kupangiwa kazi nimeiona: zahanati ya Goziba, kisiwani kabisa. Hongera. Begi utafunga baadaye. Kuna siku yangu moja ya zahanati ya kijijini Ijumbi ambayo ikinijia kichwani naacha kupika, nabaki nimesimama na mwiko mkononi kama niliyesahau nilichokuja kufanya. Nataka uisikie kabla hujapanda boti.

Nilikuwa nesi mpya. Mtoto wa Bukoba mjini, babu yangu katoka pwani, nyumbani kwetu Kiswahili tu. Kihaya changu kilikuwa cha kusalimia na kununulia ndizi. Lakini maringo, usiniulize! Gauni jeupe nalipiga pasi mpaka kola inanikwaruza shingo.

Akaja bibi mmoja na wajukuu zake mapacha, hawajafika miaka miwili. Unajua mapacha wa kike wa huku, jina huwa linawasubiri: aliyetangulia ni Nyangoma, aliyefuata ni Nyakato. Mama yao alikuwa huko Kanazi, anamuuguza mzazi wake. Nyakato alikuwa anawaka homa. Nyangoma mzima, anavuta kalamu yangu. Nikampa Nyakato dawa ya malaria ya siku tatu, nikaeleza kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa chuoni: nusu kidonge kila asubuhi, usiruke hata siku moja.

"Umeelewa, bibi?"

"Ee waitu," akajibu, yaani ndiyo kwa Kihaya, amepiga goti.

"Kweli umeelewa?"

"Ee waitu."

Basi, roho yangu kwatu. Nikaita mgonjwa mwingine.

Siku ya nne bibi huyo tena, na homa ile ile. Nikachanganyikiwa. Nikauliza kama dawa alimpa. Ee waitu. Zote? Ee waitu. Nikaenda kusoma kopo upya, labda dawa imepitwa na muda, haijapitwa. Nikasoma daftari langu, niliandika sawa. Halafu, astaghafirullah, likanijia wazo kwamba labda safari hii ameniletea yule mwingine. Walifanana wale watoto jamani! Nikachana kipande cha bandeji nikamfunga Nyakato mkononi, ili angalau nijue ninayemtibu ni nani. Nikatoa dozi nyingine, na bibi wa watu nikamfokea mbele ya foleni nzima kwamba ananificha kitu. Akainamisha kichwa. Ee waitu.

Safari ya tatu Nyakato alikuwa shingo imelegea. Macho yamepanda juu, bandeji yangu ingali mkononi, imekuwa nyeusi kwa uchafu. Nikamdunga sindano tuliyokuwa nayo, wanaume wakatumwa kuleta machela ya kumpeleka hospitali. Nilijua mtoto ananifia mikononi, na sijui nimekosea wapi.

Pale zahanati tulikuwa na mhudumu, Mama Koku, Mlutheri mmoja mtaratibu sana. Kazi yake kupima watoto uzito na kudeki, na mimi kwa cheo changu nilikuwa simuulizi kitu. Tukiwa tunasubiri machela akachuchumaa karibu na bibi, akamwekea nusu kidonge kwenye kiganja, akamwambia kwa Kihaya, "Nionyeshe unavyompa."

Bibi akakivunja kile kipande kwa ukucha. Akatazama vipande viwili kama vimelingana. Kimoja akakipeleka mdomoni kwa Nyakato, cha pili akageuka kumpa Nyangoma aliyekuwa mgongoni. Mama Koku akamdaka mkono.

"Ni mapacha," bibi akasema, anamshangaa. "Nimpe mmoja nimnyime mwenzake? Mnataka nifiwe na wote wawili?"

Mama Koku aliponitafsiria nikapandisha sauti. Nilitaka kumwambia ujinga huu ndio unaoua watoto. Mama Koku hakunyanyuka hata.

"Sista, nyamaza. Huyu alikuwa anakupa heshima, wewe ukadhani anakujibu. Safari tatu hizi zote hukumuuliza anafanyaje, ulimuuliza kama anakutii." Akamgeukia bibi, akamweleza kwa upole kwamba akitoka hospitali, Nyakato atameza nusu yote, na Nyangoma atapewa kijiko cha uji, saa ile ile, kijiko kile kile. Bibi akafikiri, akacheka kidogo na machozi yakimtoka. Alikubali. Yaani kijiko cha uji tu! Chuo kizima nilichosoma, nisilione hilo.

Nyakato alipona. Alipona, lakini sikio la kulia halikurudi. Sasa ni mama mtu mzima, anauza ndizi sokoni Bukoba. Nikienda kwake nasimama kushoto kwake ili anisikie, naye hunichagulia mkungu mzuri, ananiita mama, hajui hata kwa nini nampenda hivyo. Miaka yote naenda nimepanga kumwambia. Narudi na ndizi. Sijui, mwanangu. Nikimwambia nitakuwa namsaidia yeye au najitua mzigo mimi? Wewe umesoma zaidi yangu, ukijua nipigie simu.

Ninalolijua ni hili. Huko Goziba utakuta wavuvi wa kila kabila, kila mmoja na namna yake ya kukuitikia. Usimuulize mtu kama ameelewa, atakwambia ndiyo hata kama ameshika dawa ya mwenzake. Mpe mkononi, mwambie akuonyeshe, halafu ufunge mdomo utazame. Akifanya kitu cha ajabu usimcheke wala usimfokee, muulize kwa nini. Na yule anayedeki zahanati yako msalimie wa kwanza, umuulize watu wa hapo wanaishije.

Haya, nenda kafunge begi. Mwenyezi Mungu akuvushe salama, aitie baraka mikono yako, na kila mtoto utakayemgusa huko arudi kwao akiwa na masikio yake yote mawili.