Mstari wa Shingoni

Nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu walikwenda kutafuta kazi katika hoteli za Diani, mimi nikatafuta kivuli nyuma ya nyumba yetu. Nilikuwa kijana wa kiume mwenye afya, ila nje kulikuwa na jua na watu, na vyote viwili havikunipenda. Mke wa kaka yangu akanipa jina la mwali. Nikionekana barazani, anapiga kigelegele: "Jamani, mwali katolewa leo!"

Shemeji huyo ndiye aliyeniletea kazi. Alikuwa akimfanyia usafi mzungu mmoja aliyepanga nyumba Diani, mtu mzima anayetunga mchezo wa mezani: mmoja anasimulia, wenzake wanajifanya mashujaa, dadu zinaamua nani afe. Mzungu alihitaji wanyama wa kupigana nao, wawe na damu ya joka lakini wasiwe majoka. Shemeji akamwambia kwao kuna mtu achoraye kutwa kwa kuona haya kutafuta kazi. Karatasi nzuri zikaletwa, pamoja na ahadi: kitabu cha mchezo kikichapwa, jina langu litakaa ukurasa wa kwanza.

Ahadi hiyo ilinilevya. Nililitaka jina langu kwa herufi za chapa, nimwekee shemeji mbele ya sahani yake ya wali, nimwone atameza nini.

Wanyama niliwatoa uani, maana mbali zaidi sikufika. Jogoo nikamvua manyoya nikamvika magamba. Komba nikampa mabawa ya ngozi. Kenge nilimwongeza pembe tu, kwa kuwa mwenyewe alikwisha fika nusu ya njia. Mzungu akataka wateme moto. Nikamjibu kupitia kwa shemeji kwamba huku tunaezeka makuti, mnyama wa moto atalala wapi? Wangu wakatoa mvuke, kama birika.

Mama ndiye aliyekuwa mlango mgumu. Alinisimamia kichwani na ungo wa mchele mkononi.

"Mwanangu, hivyo ni viumbe?"

"Vya mchezo tu, mama."

"Siku ya Kiyama utaambiwa uvitie roho. Utaweza?"

"Sitaweza."

"Basi vikate shingo."

Ndivyo tulivyofanya nyumbani kwetu: ukichora kiumbe, unampitisha mstari shingoni asihesabiwe kuwa kamili. Hata ng'ombe wa kwenye kopo la maziwa ya unga, mama alimpitishia kisu. Basi jogoo, komba na kenge, wote nikawachinja kwa wino mweusi.

Kisha watalii wakaadimika, hoteli zikapunguza watu, mzungu akafunga mizigo akaondoka na wanyama wangu. Shemeji hakuwa tena na pa kufagia. Tukakaa naye uani, yeye akinuna, mimi nikingoja kitabu.

Kilikuja kwa mkono wa mgeni mwingine, shemeji akaenda kukipokea Ukunda. Tukakifungua barazani, mama pembeni akichagua mchele. Ukurasa wa kwanza, jina la mzungu. Wa pili, shukrani kwa mkewe, kwa mbwa wake, na kwa watu wakarimu wa pwani.

"Mkarimu ndiwe wewe?" shemeji akaniuliza.

"Labda ni wewe."

"Mimi nilimfulia. Basi na foronya zingetajwa."

Wanyama walikuwemo wote, wamechorwa upya na mkono wa mtu mwingine, kucha ndefu, misuli, na moto. Moto! Hata jogoo. Kilichosalia cha kwangu ni ule mstari, haukukosa kwenye shingo hata moja. Nikayasoma maelezo kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikamfasiria mama: kila mwenye damu ya joka ana kovu shingoni, pale joka lilipomng'ata babu yake, na ukitaka kumwua umpige hapo hapo.

Mama akakiinamia kitabu. "Kawakata sawasawa," akasema. Kisha: "Na jina lako halimo?"

"Halimo, mama."

"Alhamdulillahi. Mwenye jina ndiye atakayeitwa avitie roho. Wewe umeokoka, mwanangu."

Akarudi kwenye mchele wake, ameridhika kabisa. Nikamtazama shemeji, nikingoja anicheke. Mtu asiyekosa neno alikuwa akikunja ncha ya leso yake. Hapo ndipo nilipojua nimepoteza kitu.

Nami, Mungu anisamehe, nilitaka niitwe mimi.