Mjomba wa Isaka

Athanas alifika Kinole akiwa kijana, jembe begani, akimfuata Bernadeta. Hakurudi kwao tena. Alilima ardhi ya ukoo wa mkewe, akapanda migomba na midalasini, akazeekea hapo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwenye kauli juu ya vyote viwili ni mjomba.

Vuli ilipokatika, Bernadeta akafariki.

Mwanamume aliyefiwa, matanga yakiisha, anaweza kuambiwa ashike njia arudi kwa ndugu zake. Wengine huachwa wakae. Inategemea kaka wa marehemu. Huyo kaka alikuwa Ernest, mtu mfupi, mkimya, asiyependa kusukumwa. Kikao cha ukoo kiliwekwa Jumatatu. Athanas alitaka jambo moja tu: abaki. Kaburi la Bernadeta lilikuwa nyuma ya nyumba, na yeye alitaka kufia mbele ya nyumba hiyo hiyo.

Jumamosi binti yake Josephina alikuja kumfulia nguo.

"Baba, mwenyekiti wa kijiji anasema ardhi siku hizi ni ya kijiji, si ya ukoo. Nenda kajiandikishe. Mjomba hatakuwa na la kusema."

"Ardhi nitapata," Athanas akasema. "Watu nitawapata wapi?"

Josephina akakamua shati, akalitundika. Hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi.

"Basi kesho kanisani simulia ile ya Sara. Pale Sara anapokufa, na Abrahamu anawaomba wenye nchi mahali pa kumzika. Anasema, mimi ni mgeni kwenu. Mjomba atakuwepo. Atasikia."

"Kesho ni zamu ya Isaka."

"Zamu anaipanga nani? Si wewe?"

"Nikisimulia ya Sara watu watamtazama nani? Watanitazama mimi. Zile hadithi hazikuwekwa ili watu wanitazame mimi. Zinamwonyesha mwingine."

Josephina akachukua nguo nyingine. Alimjua baba yake. Akishasema maneno mengi kiasi hicho, haongezi jingine.

Athanas hakwenda shule. Bernadeta ndiye aliyesomeshwa na masista, na jioni alikuwa akimsomea, ukurasa kwa ukurasa, sufuria ikichemka. Yeye alizishika hadithi kichwani. Katekista alikuwa na vigango vingi, makanisa madogo ya vijijini, vya kuzungukia, kwa hiyo Jumapili ambayo hakufika, sala zikiisha, Athanas alisimama na kusimulia. Alianza na watu wa kale, akamalizia kwa Yule waliyekuwa wakimngoja bila kumjua jina. Watu walimpenda kwa sababu hakurefusha maneno. Sasa msomaji wake alikuwa ardhini. Hadithi alizobaki nazo ni zile alizokwisha kusikia.

Jumapili kigango kilijaa. Ubaoni herufi za darasa la watu wazima, lililosomea humo siku za kazi, hazikuwa zimefutwa. Ernest aliketi benchi la nyuma, kofia magotini. Athanas akasimama.

"Abrahamu alikuwa na mtoto mmoja kwa Sara," akaanza. "Mungu akamwambia, mpandishe mlimani, unitolee. Akapasua kuni. Akamtwika mtoto. Ninyi mnajua kupanda na mzigo wa kuni. Mtoto anapanda, mti uko mgongoni mwake, na ni kwa mti huo atateketea. Mmemwona mwingine aliyepandishwa mlima na mti mgongoni?"

"Tumemwona," watu wakaitikia.

"Mtoto akauliza, baba, moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Akajibiwa, Mungu atajipatia mwenyewe."

"Ngoja kwanza!"

Alikuwa Bi Eufrazia, bibi wa ukoo wa kina Bernadeta. Alikuwa ameketi mbele kwa sababu ya masikio. Miaka yote alimwita Athanas mume wake, kwa utani.

"Mume wangu, ngoja. Huyo baba anamchukua mtoto, anamfunga kamba, anashika kisu. Mjomba wa mtoto yuko wapi?"

Kanisa likacheka. Mtu mmoja kule nyuma akadakia, "Mjomba kaenda Mwembesongo kuuza ndizi!"

"Nauliza kweli," Bi Eufrazia akasema. "Mtoto si wa baba. Baba ni mpita njia. Aliombwa ruhusa nani?"

Kicheko kikafifia. Kichwa kimoja kikageuka nyuma, kisha vingi. Ernest akaitazama kofia yake. Kila mtu alikuwa na habari ya Jumatatu, na kila mtu aliona mlango ulivyofunguka. Athanas angesema sentensi moja tu juu ya wajomba wema na wajomba wabaya, na Ernest angebanwa mbele ya ukoo wake wote. Josephina alikuwa akimwangalia baba yake bila kupepesa.

Athanas hakulikimbilia neno la kwanza. Si kwamba alikuwa akitafuta maneno. Alikuwa akiyaacha mengine yapite.

"Bi Eufrazia ameuliza vizuri," akasema. "Mjomba hakuwepo. Mtoto akiharibu, nani anasimama mbele ya wazee?"

"Mjomba."

"Mbuzi wa faini anatoa nani?"

"Mjomba!"

"Isaka siku ile hakuwa na mtu wa kumsimamia. Kisu kikainuliwa, malaika akakizuia. Abrahamu akatazama, kondoo dume amenaswa pembe zake kichakani. Akafa yule badala ya mtoto. Lakini sikilizeni. Mzee alisema mwana-kondoo. Aliyekuja ni kondoo dume. Mwana-kondoo alikuwa bado yuko njiani. Wazee wetu hao wakazaa, wakafa, wanamngoja. Mwisho akazaliwa. Baba yake hakuwa wa hapa duniani. Mama yake alikuwa wa hapa. Kwa hiyo kwa upande wa mama ni ndugu yetu, tumbo moja. Akapanda mlima, akasimama pale ambapo Isaka hakuwa na mtu. Bibi, mjomba wa Isaka ni yeye. Alichelewa, lakini alifika."

Bi Eufrazia akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Huyo sasa ni mjomba," akasema.

Athanas akaketi. Hakumtazama mtu.

Mchana alikuwa uani akimenya ndizi za kupika. Alizimenya vibaya, nusu ya ndizi ikienda na ganda. Ernest akaja na njia ya juu, akasimama kwenye migomba.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

Ernest akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Akaangalia maganda.

"Unalisha mbuzi au unapika?"

"Najifunza."

"Lete kisu." Akamenya moja, ganda likatoka jembamba. "Leo nilikuja kanisani nimejiandaa. Nilijua utanililia mbele ya watu. Nilipanga kukataa."

"Sasa je?"

"Hukulia. Hata Bi Eufrazia alipokupa kisu mkononi, hukunichoma."

"Haikuwa hadithi yako."

"Nimeona." Ernest akamenya nyingine, akaitumbukiza kwenye maji. "Kesho kwenye kikao usifungue mdomo. Wewe huna mtu kule. Nitasema mimi. Utakaa hapa, utalima hapa, na siku yako ikifika utalala pale, ubavuni kwake. Asiyetaka aje kwangu."

Athanas akainama juu ya sufuria. Mikono ilikuwa imelowa, akajipangusa uso kwa kiwiko.

"Ahsante, shemeji."

"Usinishukuru. Jifunze kumenya."

Ernest akaendelea kumenya, Athanas akiiangalia mikono yake. Kisha Ernest akauliza.

"Na baada ya pale mlimani, ikawaje? Walirudi kwa mama wa mtoto?"

"Mama akafa," Athanas akasema. "Abrahamu alikuwa mgeni katika nchi ile. Akawaendea wenye nchi, akainama mbele yao, akawaomba mahali pa kumzika."

Kisu mkononi mwa Ernest kikasimama. "Wakampa?"

"Wakampa."

Ernest akatazama nyuma ya nyumba, pale udongo wa kaburi ulipokuwa bado mwekundu, kisha akamgeukia.

"Hiyo ndiyo iliyokufaa. Mbona hukuisimulia?"

"Hiyo ni yangu," Athanas akasema. "Ile nyingine ni ya watu wote."

Ernest akachukua ndizi ya mwisho, akamsogezea Athanas, pamoja na kisu, aimenye mwenyewe.